Nani anahesabiwa kuwa ameuawa vitani? Uzi kuhusu namna majeshi yanavyopanga vifo vya watu wao

Nyaraka_za_Kale

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu.

Kila vita inapozuka, mabishano kuhusu idadi ya waliokufa hayakosekani hapa. Mmoja analeta tarakimu, mwingine anamwita mwongo, na mara nyingi wote wawili wamesoma jedwali lile lile ila kila mmoja ameshika safu yake. Nimefungua uzi huu ili tuangalie jedwali lenyewe linavyotengenezwa, kwa sababu naamini kwamba asiyejua kanuni ya kuhesabu hawezi kudai kuwa anajua hasara ya vita yoyote. Ninalo pia jambo linalonigusa zaidi kuhusu watu wa kwetu, ambalo nitalifikia taratibu.

Nianze na Marekani, kwa kuwa majedwali yake yanapatikana kwa mtu yeyote. Katika Vita vya Vietnam wizara ya ulinzi ya nchi hiyo inahesabu vifo 58,220 vya wanajeshi wake. Hesabu hiyo imegawanywa katika mafungu mawili makubwa: vifo 47,434 vilivyotokana na adui, na vifo 10,786 ambavyo havikutokana na adui. Ndani ya fungu la kwanza wamo 40,934 waliouawa papo hapo au waliokata roho kabla ya kufikishwa penye matibabu, 5,299 waliofikishwa wakiwa hai kisha wakafa kwa majeraha, 1,085 waliopotea na baadaye wakatangazwa kuwa wamekufa, na 116 waliokufa wakiwa mateka. Ndani ya fungu la pili wamo 9,107 waliokufa kwa ajali, 938 kwa maradhi, 382 waliojiua, 236 waliouawa na watu wengine nje ya mapigano, na 123 waliopotea katika mazingira yasiyo ya mapigano wakadhaniwa wamekufa.

Sasa mtu akiuliza ni Wamarekani wangapi waliouawa mapambanoni Vietnam, anaweza kujibiwa 40,934, au 46,233 ukijumlisha waliokufa kwa majeraha, au 47,434, na yupo atakayesema 58,220. Hakuna kati ya hao aliyedanganya. Kila mmoja amejibu swali lake, na kosa linaanza pale anapochukua jibu lake na kulilinganisha na tarakimu ya jeshi jingine iliyohesabiwa kwa kanuni nyingine.

Mpaka kati ya mafungu hayo ni mwembamba kuliko unavyodhaniwa. Helikopta iliyotunguliwa na adui inawaweka wote waliokuwamo katika fungu la kwanza. Helikopta iliyogonga mlima kwa sababu ya ukungu, hata kama ilikuwa inapeleka risasi kwa kikosi kilichozingirwa, inawaweka katika fungu la ajali. Mahali penyewe ni pale pale, vita ni ile ile, na huzuni ya nyumbani haina tofauti, lakini karani ameandika maneno mawili tofauti, na maneno hayo yatafuata jina la marehemu kwenye medali, kwenye minara na katika vitabu vya historia.

Mzee_wa_Kikosi

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kuanza na tarakimu badala ya hisia. Nina swali moja linalonisumbua tangu nilipokuwa kazini. Askari anayepigwa risasi na wenzake kwa kudhaniwa ni adui, anawekwa wapi? Nimesikia kwamba huwekwa katika fungu la waliouawa kwa sababu ya adui, nami naona hapo pana njia ya kuficha makosa ya makamanda.

Nyaraka_za_Kale

Mzee wangu, shikamoo. Umesikia sawasawa. Kwa kanuni za Marekani, askari anayeuawa na silaha za upande wake wakati wa mapigano na adui, au kwa silaha iliyokusudiwa adui, anahesabiwa katika vifo vilivyotokana na adui. Hoja yao ni kwamba bila adui kuwapo pale, ile risasi isingefyatuliwa. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, Wamarekani 35 waliuawa kwa namna hiyo, idadi inayokaribia robo ya vifo vyao vyote vya mapambano katika vita ile. Mwenye kusoma jumla peke yake hawezi kuliona hilo. Ni lazima afungue safu ya ndani.

Kuhusu kuficha, hofu yako ina msingi, ila kichaka hakiwi lile fungu lenyewe. Kichaka ni maelezo yanayoambatana nalo. Tarehe 22 Aprili 2004 Pat Tillman, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani aliyeacha mkataba mnono na kujiunga na jeshi, aliuawa nchini Afghanistan. Jeshi lilieleza kwamba ameuawa na adui, likamtunuku medali ya ushujaa, ibada ya kumbukumbu yake ikafanyika kwa heshima zote, na ndipo wiki kadhaa baadaye familia ikaelezwa kwamba risasi zilitoka kwa wenzake. Angalia kwamba katika jedwali kubwa hakikubadilika kitu, kwani kabla na baada ya ukweli kujulikana alibaki katika fungu lile lile. Kwa hiyo fungu linaweza kuwa sahihi kikanuni huku ukweli wa kifo ukiwa umefunikwa kabisa.

Muuguzi_Mstaafu

Naomba niongezee jambo la upande wa tiba, kwa sababu wengi hulipita bila kuliangalia, nalo linageuza maana ya tarakimu zote.

Mleta uzi ametaja tofauti kati ya aliyekufa kabla ya kufikishwa penye matibabu na aliyekufa baada ya kufikishwa. Madaktari wa kijeshi wanalishika jambo hili kwa makini sana kwa sababu linawaeleza mambo mawili tofauti. Vifo vya kabla ya kufika vinaeleza ukali wa silaha, ubora wa kofia na fulana za kuzuia risasi, ustadi wa mwenzako aliye karibu katika kufunga mkanda wa kuzuia damu, na kasi ya kukuondoa uwanjani. Vifo vya baada ya kufika vinaeleza uwezo wa madaktari wa upasuaji, akiba ya damu na uangalizi wa wodini.

Jambo linaloshangaza wengi ni hili. Chukulia jeshi limeongeza helikopta, na majeruhi waliokuwa wakifia njiani sasa wanafika hospitali katika muda wa saa moja. Baadhi yao wataokolewa. Wengine majeraha yao hayana dawa, watakufa mezani. Safu ya waliouawa uwanjani itapungua, na safu ya waliokufa kwa majeraha inaweza kupanda. Mwandishi wa gazeti asiyejua atasema hospitali imezorota, ilhali ukweli ni kwamba huduma yote kwa jumla imekuwa bora. Mwaka 2009 Robert Gates, waziri wa ulinzi wa Marekani wakati huo, aliagiza kwamba majeruhi mahututi wa Afghanistan wafikishwe penye matibabu ndani ya dakika 60, na watafiti waliopima matokeo ya agizo hilo walilazimika kuangalia safu zote mbili kwa pamoja, maana kuangalia moja peke yake kungewapotosha.

Kuna pia suala la nani anahesabiwa kuwa majeruhi. Katika hesabu za kitaalamu za siku hizi, idadi ya waliokufa kwa majeraha hugawanywa kwa idadi ya majeruhi waliobaki baada ya kuwatoa wale wenye majeraha madogo waliorudi kazini ndani ya saa 72. Ukiwaacha ndani, kila aliyekwaruzwa mkono atafanya hospitali ionekane ya ajabu. Ukiwatoa, kiwango cha vifo kinapanda ingawa hakuna mtu hata mmoja aliyekufa zaidi. Kwa hiyo asilimia mbili za vita mbili tofauti haziwezi kulinganishwa mpaka ujue kigawanyo cha kila moja.

Na mwisho, ule mlango wenyewe. Je, hema la daktari wa kikosi, mita chache nyuma ya mstari, ni kituo cha matibabu? Ukisema ndiyo, watu wengi watahama kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili. Ukisema kituo ni hospitali yenye chumba cha upasuaji, watabaki walipokuwa. Majeshi hayakukubaliana daima juu ya jibu.

Mchangiaji_Mgeni

Nimewasoma kwa heshima, lakini naomba niulize kwa uwazi: haya yote yana faida gani kwa mjane? Aliyekufa amekufa. Kumpanga katika safu hii au ile hakumrudishi.

Mzee_wa_Kikosi

Ndugu yangu mgeni, yana faida, tena kubwa, na nakuomba usilichukulie kwa wepesi. Mjane huyo huyo ndiye atakayeulizwa mumewe alikufa vipi, na jibu ndilo linaloamua mafao, medali, na wakati mwingine hata kama jina litaandikwa ukutani.

Tarehe 5 Novemba 2009, katika kambi ya Fort Hood huko Texas, ofisa wa jeshi la Marekani aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili aliwafyatulia wenzake risasi na kuua watu 13. Waliouawa hawakuwa nje ya nchi, na muuaji alivaa sare yao wenyewe. Serikali ililichukulia tukio kama ukatili wa mahali pa kazi, kwa hiyo medali inayotolewa kwa wanaouawa au kujeruhiwa na adui haikuweza kutolewa. Familia na majeruhi walipigania jambo hilo kwa miaka, mpaka bunge likabadilisha sheria ili mashambulio yanayochochewa na makundi ya kigeni ya kigaidi yaingie katika kanuni, na medali zikatolewa mwaka 2015. Wafu walikuwa wale wale na risasi zile zile; kilichobadilika ni kifungu cha sheria.

Niseme pia kwamba nchi hiyo ililitambua tatizo upande wa fedha. Malipo ya mkono wa pole ya dola 100,000, yaliyoongezwa mwaka 2005 kwa vifo vya maeneo ya vita, muda mfupi baadaye yalipanuliwa yakawahusu wote wanaofia kazini, bila kujali kama ni risasi au ajali ya gari kambini. Mimi naona huo ni uamuzi wa haki. Askari hachagui kifo chake.

Mpwani

Mnazungumzia mbali, nami naomba niwalete karibu. Tarehe 5 Januari 2020 wapiganaji wa Al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda Bay, katika kaunti ya Lamu. Waliuawa Wamarekani watatu. Ukisoma taarifa ya jeshi lao kwa makini, utaona imeandikwa kwamba ameuawa mwanajeshi mmoja pamoja na watu wawili walioajiriwa na kampuni zinazofanya kazi kwa wizara ya ulinzi. Wawili hao walikuwa katika kazi za ndege za jeshi, katika kiwanja kile kile, wakauawa na adui yule yule, asubuhi ile ile. Katika orodha ya vifo vya wanajeshi, Manda Bay ina jina moja.

Kwa watu wa Afrika Mashariki jambo hili si geni wala si la kitaalamu tu. Katika miaka ya vita vya Iraq, maelfu ya vijana wa Uganda waliajiriwa na kampuni za ulinzi kulinda malango ya kambi za Wamarekani. Aliyekufa miongoni mwao hakuingia katika hesabu ya wanajeshi waliokufa. Kifo chake, kikiripotiwa, kiliingia katika madai ya bima yanayosimamiwa na wizara ya kazi ya Marekani, mbali kabisa na jedwali ambalo waandishi wa habari hulisoma kila jioni.

Nyaraka_za_Kale

Ndugu Mpwani, umefika mahali nilipotaka tufike, ila kabla sijaingia nimalizie mifano miwili inayoonyesha kwamba hata ukimjua marehemu na sababu ya kifo, bado kuna swali la mahali, na wakati mwingine swali la kama aliyeandikwa amekufa kweli.

Mnara wa Vita vya Korea mjini Washington, uliofunguliwa mwaka 1995, ulichongwa tarakimu 54,246 kuwa ndiyo idadi ya Wamarekani waliokufa. Kwa miaka mingi vitabu viliirudia. Ndani ya tarakimu hiyo walikuwamo 17,672 waliokufa katika kipindi cha vita lakini mahali pengine duniani: aliyepata ajali ya barabarani Ujerumani, aliyeugua akafia kambini huko kwao. Waliokufa katika eneo la vita lenyewe ni 36,574, na kati yao 33,739 ndio wa mapambano. Hapakuwa na mtu aliyezua maiti. Karani wa zamani alijumlisha vifo vya dunia nzima chini ya kichwa cha habari cha Korea, na jiwe likapokea.

Mfano wa pili ni wa Urusi. Takwimu za kijeshi zilizotolewa mwaka 1993 kuhusu vita vya 1941 hadi 1945 zina jumla mbili, milioni 11.4 na milioni 8.7, na watu hugombana kwa kutumia hizo mbili kana kwamba moja ni propaganda. Jeshi la Kisovyeti lilikuwa na fungu la hasara zisizorudi, maana yake askari ambaye kamanda hatamwona tena kikosini. Humo waliingia waliouawa, waliokufa hospitalini, waliokufa kwa ajali na maradhi au kwa hukumu ya kupigwa risasi, na pia waliopotea na waliotekwa, ambao peke yao ni 4,559,000. Jumla yake ni 11,444,100. Vita ilipokwisha, mateka 1,836,000 walirudi wakiwa hai, na wengine 939,700 waliodhaniwa wamepotea waliandikishwa tena jeshini pale maeneo yao yalipokombolewa. Ukiwatoa hao unabaki na 8,668,400. Jumla ya kwanza ni ya kamanda anayetaka kujua ameishiwa na watu wangapi. Ya pili ni ya mtu anayetaka kujua ni mama wangapi hawatarudishiwa watoto wao. Zote zinahitajika, lakini kila moja mahali pake.

Muuguzi_Mstaafu

Na hawa waliopotea, wanatangazwa lini kuwa wamekufa?

Nyaraka_za_Kale

Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1942, miezi 12 ikipita bila habari, wizara iliweza kutoa uamuzi kwamba mtu amekufa, ili mshahara usimame na mafao ya wategemezi yaanze. Ndiyo maana katika minara mingi ya Vita vya Pili vya Dunia utakuta tarehe za 1945 na 1946 kwa watu ambao kwa hakika walizama au kuanguka na ndege mwaka mmoja kabla. Tarehe ile ni ya uamuzi wa ofisi. Mtafiti anayechora grafu ya vifo kwa mwezi bila kulijua hilo ataona mapigano makali mahali ambapo palikuwa na makarani tu. Zaidi ya watu 80,000 wa majeshi ya Marekani kuanzia Vita vya Pili vya Dunia bado hawajapatikana.

Mjukuu_wa_Mpagazi

Wakuu, mimi huwa msomaji tu wa jukwaa hili, lakini maneno ya ndugu Mpwani yamenifanya niandike. Katika ukoo wetu yupo mzee aliyechukuliwa upagazi wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, akaenda kusini, hakurudi. Hatuna kaburi wala karatasi. Je, mtu kama huyo alihesabiwa katika fungu gani?

Nyaraka_za_Kale

Ndugu Mjukuu, pole sana, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki vilipiganwa mahali ambapo hapakuwa na barabara za kutosha, farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, na kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilipaswa kubebwa na binadamu. Pande zote mbili kwa pamoja zilitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Kwa upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya vifo vya wapagazi yanayotajwa sana ni karibu 95,000. Hawakufa kwa risasi, walio wengi. Walikufa kwa kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, na njaa iliyosababishwa na posho ndogo na unga ambao matumbo yao hayakuuzoea. Kwa upande wa Wajerumani kumbukumbu ni haba kiasi kwamba kinachobaki ni makadirio matupu.

Sasa mpitishe mzee wenu katika maswali ya uzi huu. Aliuawa na adui? Hapana, aliuawa na maradhi, kwa hiyo anatoka katika fungu la kwanza. Alikuwa mwanajeshi? Waingereza walimweka katika daraja la wafuasi wa jeshi, si askari, kwa hiyo anatoka hata katika safu ya askari waliokufa kwa maradhi. Alifia wapi? Wengine walifia njiani wakirejeshwa makwao, na hapo hata kambi haikumwandika. Kila kanuni, ukiitazama peke yake, ina maelezo yanayoeleweka. Zikipangwa pamoja zimemfuta mtu mzima.

Wala tusiseme kwamba maradhi huwa hayahesabiwi. Katika vita hiyo hiyo Marekani ilihesabu vifo 53,402 vya mapambano na vifo vingine 63,114, vingi vikiwa vya homa kali ya mafua iliyozuka 1918. Askari aliyekufa kwa mafua kambini bila kuvuka bahari yumo katika jumla ya 116,516, kwa jina na kwa namba yake. Waingereza nao, kupitia tume ya makaburi ya vita iliyoundwa mwaka 1917 (leo inaitwa Commonwealth War Graves Commission), waliweka kanuni pana na ya utu: yeyote aliyekuwa katika huduma na akafa kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, kwa sababu yoyote, astahili kumbukumbu sawa na mwenzake bila kujali cheo wala rangi. Hata wale askari 306 wa Uingereza na makoloni yake waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa kutoroka na makosa kama hayo, ambao serikali iliwasamehe mwaka 2006, wana makaburi au majina yao katika kumbukumbu za tume hiyo.

Kanuni hiyo haikufuatwa kwetu. Mwezi Aprili 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Sanamu ya Askari iliyopo Dar es Salaam tangu 1927, pamoja na zile za Nairobi na Mombasa, zinawataja wapagazi kwa heshima na kuwaahidi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao, lakini hakuna jina hata moja lililoandikwa pale.

Mzee_wa_Kikosi

Pengine majina hayakuwapo, mwanangu. Watu laki kadhaa, vita porini, makarani wachache.

Nyaraka_za_Kale

Yalikuwapo kwa sehemu kubwa, Mzee wangu. Wapagazi wa Kenya waliandikishwa kwa namba, kwa sababu walipaswa kulipwa mishahara. Baada ya vita, mishahara ya waliokufa bila warithi wao kupatikana ilibaki mikononi mwa serikali na kuleta mabishano marefu kati ya Nairobi na London. Huwezi kubishania fedha za marehemu kama hukuwahi kumwandika. Na mfano wa kwamba kazi hii inawezekana upo: mwezi Januari 2025 ulifunguliwa mnara mjini Cape Town wenye majina ya zaidi ya watu weusi 1,700 wa Afrika Kusini waliofanya kazi za jeshi katika vita vile bila kubeba silaha, wengi wakifia humu humu barani Afrika. Majina hayo yalitoka katika madaftari ya zamani. Yalikaa humo kwa zaidi ya miaka mia moja yakisubiri mtu wa kuyafungua.

Mpwani

Na leo je? Majeshi yetu wenyewe yanafanyaje?

Nyaraka_za_Kale

Hayafanani. Tarehe 7 Desemba 2017 askari 15 wa Tanzania waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, na idadi ilitangazwa, miili ikapokelewa hadharani. Umoja wa Mataifa una mpango wake: kila kifo cha mlinda amani huwekwa kwenye shambulio la makusudi, ajali, ugonjwa, au sababu nyingine, na jumla kwa kila nchi na kila mwaka huchapishwa. Uganda, baada ya kambi yake ya Buulo Mareer nchini Somalia kushambuliwa tarehe 26 Mei 2023, ilimsikia Rais Museveni mwenyewe akitaja miili 54. Kenya, baada ya kambi yake ya El Adde, nayo nchini Somalia, kuvamiwa tarehe 15 Januari 2016, haikutoa idadi kamili kwa wananchi. Rais wa Somalia alitaja tarakimu inayokaribia 200, jeshi la Kenya likaikataa, na pengo likajazwa na makadirio ya vyombo vya habari. Naelewa kwamba jeshi halitaki kumpa adui furaha. Lakini adui wa El Adde alikuwapo pale na alihesabu. Aliyenyimwa hesabu ni mlipa kodi na mzazi.

Mjukuu_wa_Mpagazi

Nashukuru sana. Naomba unielekeze nianzie wapi kumtafuta mzee wetu.

Nyaraka_za_Kale

Anza nyumbani. Waulize wazee wa ukoo majina yote aliyotumia, jina la baba yake, chifu au jumbe aliyemtoa, na jina la wilaya kama lilivyoitwa enzi zile, kwa sababu makarani Waingereza waliandika majina kama walivyoyasikia na tahajia ya leo haitakusaidia. Kisha tafuta katika daftari la tume ya makaburi, ambalo liko wazi mtandaoni bila malipo, ukijaribu kila namna ya kuliandika jina. Usipolipata, nenda hifadhi ya nyaraka za taifa, iwe ya Nairobi au ya Dar es Salaam kutegemea alikochukuliwa, na uulize majalada ya wilaya hiyo ya kuanzia 1914 hadi miaka ya mwanzo ya 1920, hasa yanayohusu uandikishaji na mishahara isiyodaiwa.

Tume inapokea maombi ya kuongeza jina, ila inataka ushahidi wa huduma na wa kifo. Kama alifia kazini kabla ya tarehe 31 Agosti 1921, sababu ya kifo haitaulizwa. Kama alikuwa ameshaachishwa na akafia njiani au nyumbani, utatakiwa kuonyesha kwamba kilichomuua kilitokana na ile huduma au kilizidishwa nayo. Kwa hiyo mkikaa na wazee, waulizeni pia kama ilipata kusikika alikufa kwa ugonjwa gani, mahali gani, na nani aliyeleta habari.